Mbwa Waliobaki Vizimbani

Uwanja wa mbio za mbwa wa mji wa jirani ulipofungwa, mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kusafirisha mizigo hapa Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, China, na habari za mbwa hazikunihusu hata kidogo. Kwetu Iringa mbwa hulala nje, hula makombo, humbwekea mwizi. Sijawahi kusikia mtu akimtafutia makazi. Kilichoniingiza katika jambo hili ni lugha. Chuo nilisomea hapahapa Guangzhou, kwa hiyo Kichina nakijua, na Kiingereza nakitumia kila siku kazini. Jirani yangu wa ghorofa ya juu, mama mstaafu ambaye jengo zima tunamwita Laoshi, yaani Mwalimu, alikuwa akijaribu kuwasiliana na wageni wa nchi za mbali waliotaka kuwachukua baadhi ya mbwa wale, naye Kiingereza hakijui.

"Ni simu mbili tu, mdogo wangu," aliniambia.

Simu hizo mbili zilinichukua miezi mitatu.

Jumamosi ya kwanza tulipanda basi mpaka uwanjani. Meneja alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, akatukaribisha chai. Alituambia kwa upole kwamba biashara imekwisha, eneo litageuzwa maegesho ya malori, na mbwa asiyepata mtu mpaka mwisho wa mwezi wa tatu atashughulikiwa.

"Atashughulikiwa vipi?" nikauliza.

"Wewe si umekuja kutafsiri?" akasema, akanijazia kikombe.

Mbwa walikuwa thelathini na mmoja. Kila mmoja alifungiwa katika kizimba ambacho hawezi kugeuka bila kugusa ukuta. Mapaja yao yalikuwa yamenyonyoka manyoya kwa kulalia saruji, na ndani ya sikio la kila mmoja mlikuwa na namba ya wino usiofutika. Wameshakimbia miaka mitatu, minne, watu wakiwashangilia na kuwachezea kamari, lakini ngazi hawazijui. Wa kwanza tuliyemtoa alifika kwenye ngazi tatu za kutokea nje akasimama, miguu ikimtetemeka. Laoshi alipiga magoti akamwinulia mguu mmoja, akauweka kwenye ngazi, kisha wa pili, akimsemesha taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa nimejibanza ukutani kwa woga. Hapohapo, bila kutarajia, nilisikia hasira inanipanda kifuani. Mnyama mzima, ametumiwa mpaka amechakaa, na hakuna hata mmoja aliyemfundisha kupanda ngazi.

Tukatangaza kwenye simu zetu. Waliopiga walikuwa wengi, na wengi wao wangefaa kufukuzwa. Bosi mmoja wa duka la nguo za jumla kule Shisanhang alitaka wawili wa kijivu, akisisitiza wawe rangi moja, kwa sababu mwaka ule makoti yake yalikuwa ya kijivu na alitaka wasimame mlangoni. Nilimuuliza msimu ukibadilika atawafanya nini. Akacheka, akasema atabadilisha. Mwingine aliuliza kama bado wana mbio, maana ana kiwanja chake na marafiki zake. Laoshi alinipokonya simu akamwambia, "Meiyou." Hakuna. Akakata.

Watu wetu nao hawakunisaza. Kwenye kundi letu la simu la wafanyabiashara wa kutoka nyumbani Tanzania niliandika kwamba natafuta mwenye uwanja au bustani. Mmoja akajibu: "Dada, kontena za watu zimekwama bandarini, wewe unahangaika na mbwa?" Wengine wakacheka. Mwenye nyumba wangu alipomwona mbwa mmoja akipumzika koridoni wakati Laoshi anatafuta funguo, alinisimamisha mimi, siyo Laoshi.

"Jengo hili zamani halikupokea wageni," akasema. "Nikakupokea. Sasa na mbwa?"

Alitupanga mstari mmoja, mimi na mbwa, bila kupepesa macho. Niliingia ndani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Tangu siku hiyo sikujiuliza tena kwa nini najisumbua na wanyama wasio wangu.

Mbwa aliyetusumbua kupita wote alikuwa jike mwekundu, mguu wa nyuma uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya. Mume na mke wanaoishi upande wa Pazhou walimchukua, wakatuma picha, wakaandika maneno matamu. Siku ya nne walimrudisha. Hawakubisha hodi. Walimfunga kwenye geti la jengo letu, mvua inanyesha, wakaandika ujumbe: hakimbii. Walitaka awe anakimbia bustanini wageni wakija. Nilimkuta amelowa chapachapa, amesimama vilevile walivyomwacha, hata kulala chini hakuthubutu.

Kwa Laoshi kulikuwa kumejaa mbwa wengine, kwangu hapaingiliki. Nikampigia mzee mmoja wa Unguja, mteja wetu wa siku nyingi, mwenye ghala na ua mkubwa nje ya mji. Ni mtu wa msikitini, swala tano hazimpiti, nami nilijua fika msimamo wa watu wa pwani juu ya mate ya mbwa. Nilipiga simu nikiwa tayari kukemewa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Sauti hiyo ina nini?"

Nikamweleza yote.

"Mbwa ndani ya nyumba yangu siweki," akasema. "Lakini ua si nyumba. Mlete."

"Watu watakusema, mzee."

"Waache waseme. Najisi ina maji yake na udongo wake, mtu akajitwaharisha akaswali. Hii dhulma uliyonambia, ntaioshea nini?"

Alitutumia gari lake la mizigo. Tulipofika, mlinzi wa ghala, babu wa Kichina asiye na meno ya mbele, alikuwa ameshatandika magunia makavu chini ya paa la kupakilia na kuinjika uji wa mchele na mapande ya kuku. Mzee alisimama mbali kidogo, ameikunja kanzu yake, akimtazama mbwa anavyokula.

"Kakonda, masikini," akasema. "Wallahi, watu hawana haya."

Kufikia wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu tulikuwa tumewapatia makazi ishirini. Wengine walipanda ndege, wengine walikwenda kwa watu wa vijijini ambao Laoshi alikwenda kuwakagua mwenyewe mpaka jikoni. Walibaki kumi na mmoja, na sita kati yao walishapata watu. Siku nne kabla ya mwezi kwisha tukaenda kuwachukua hao sita. Vizimba vilikuwa wazi. Saruji ilikuwa imepigwa maji asubuhi ileile, haijakauka.

Laoshi alimwuliza meneja wako wapi.

"Wamepata makazi," akasema.

"Kwa nani?"

"Orodha iko makao makuu."

"Mwezi haujaisha," nikasema. "Ulisema mwisho wa mwezi. Watu wanawasubiri."

Akatutolea bilauri za chai. Laoshi hakuketi. Alikwenda mpaka kizimba cha mwisho, akaugusa ukuta kwa kiganja, akarudi.

Wiki iliyofuata meneja alinitumia tangazo la Kichina akaniomba nilitafsiri kwa Kiingereza, wale wageni waliosaidia walisome. Lilisema kwamba kwa ushirikiano wa jamii, mbwa wote thelathini na mmoja wamepata familia zinazowapenda. Nililitafsiri lote kwa uaminifu, neno kwa neno. Chini yake nikaongeza aya moja yangu mwenyewe: kwamba mimi, mkalimani, niliwahesabu ishirini, kwamba kumi na mmoja hatujaonyeshwa walikokwenda, na kwamba tulikuta sakafu imeoshwa. Nikawatumia wageni wote, nakala nikampelekea yeye.

Alinipigia muda si mrefu, upole umemwisha. Akasema nimemharibia jina.

"Nionyeshe hata mmoja," nikamwambia. "Mmoja tu, na picha yake. Nitaandika upya."

Hakunionyesha, na wala hakuadhibiwa. Maegesho yamefunguliwa, mizigo ya ofisi yetu hupitia palepale, na madereva husema ni mahali pazuri, pana nafasi. Mimi nikipita na lori hugeuza uso upande wa pili. Hasira yangu haijapoa, na sioni sababu ya kuipoza.