Kitanda cha Mama Mkwe

Mke wangu ni mtoto wa pekee, kwa hiyo kidonda kilipomtoka mama yake mguuni kule Sondu, kazi ya kumtunza ilikuwa yetu. Alikuwa na sukari, na kliniki ilikuwa mbali. Siku akijisikia vizuri hakuona sababu ya kwenda. Siku akijisikia vibaya hakuweza. Daktari alituambia wazi kwamba akiendelea hivyo mguu utakatwa.

Aje akae kwetu Kisumu? Hilo halikuwezekana. Kwetu Waluo mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Nilijaribu kumbembeleza, akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Basi tukampatia chumba katika nyumba ambazo kanisa moja limewajengea wazee karibu na Mamboleo. Sista, muuguzi wao, anaishi humo humo. Anapita mlango kwa mlango kupima sukari na kusafisha vidonda, na jikoni wanapika wakijua nani hapaswi kula nini. Nilimwambia kila mtu kazini kwamba shida imekwisha.

Lakini aliyejenga vile vyumba nadhani hakuwahi kuwa na mkwe. Chumba ni kimoja: ukifungua mlango unakutana na kitanda, na kitanda cha mama mkwe, mwanamume hakitazami. Kila Jumamosi mke wangu aliingia, mimi nikabaki barazani nikisalimiana na ukuta. Mama alinijibu kutoka ndani, tukaulizana habari za mvua.

Kisha Jumamosi moja nikakuta mlango wazi na kitanda hakipo.

"Baba, ingia ukunywe chai," akasema.

Niliingia kifua mbele. Ikawa hivyo kila wiki, wala sikujiuliza kitanda kinaenda wapi. Kidonda nacho, kilichokuwa kimeanza kufunga vizuri, kikawa kinafunguka upya, na Sista haelewi kwa nini.

Mpaka Jumamosi moja alipopita mapema, akamkuta mama peke yake akikisukuma kitanda nje kupitia mlango wa nyuma, kwa mguu ule ule mbovu. Tulipofika, Sista alikuwa anatungoja getini.

"Nyinyi watu wa heshima," alisema, "hii mguu mnataka ipone ama ikatwe? Mimi nafunga, yeye anafungua, juu ya chai ya mkwe!"

Niliona aibu, halafu nikakasirika, halafu nikacheka, maana dawa ilikuwa rahisi: pazia. Tulinunua kitambaa kizito cha maua maua. Lakini nani apigilie misumari? Mimi singeweza kuingia kabla halijatundikwa. Mke wangu alishika nyundo, nami nikamwelekeza kutoka dirishani nikiwa nimegeuka nyuma, Sista akiapa kwamba hajawahi kuona fundi wa namna hiyo. Pazia lilikaa upande, na liko upande mpaka leo.

Tangu siku hiyo kitanda hakijasogezwa, na Sista ana amani yake.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeketi upande wangu na chai yangu. Mama akainuka, akaenda nyuma ya pazia kutafuta miwani. Sikumwona, na sikupaswa kumwona. Lakini nilimsikia akitembea sakafuni, mguu huu na huu, sauti zote mbili sawa, hachechemei tena. Mke wangu alinitazama. Nikaweka kikombe chini, nisije nikakosa kusikia hatua hata moja.