Aliyeigizwa Juu ya Dungu

Ijumaa moja ya mwezi wa nne, mwaka wa mvua za Elinino, maji ya Rufiji yalimchukua mume wangu pamoja na dungu letu, kile kibanda cha miti mirefu tulicholindia mpunga.

Nilihamia kwa mama mkwe, kando ya barabara ya Kibiti, nikakaa eda. Alinipikia uji, akanichotea maji ya kuoga. Kila aliyekuja kutoa pole, mama mkwe alimwambia, "Mwanangu alikuwa mbishi. Watu wanakimbia, yeye anarudi." Hakujua nani aliyemrudisha.

Eda haijaisha, kikaja kikundi cha maigizo kutoka Dar es Salaam. Walisema mvua hazifuati tena majira tuliyoyazoea, na tukizidi kukata mikoko bahari itaingia mashambani. Wakauliza habari za mafuriko. Mama mkwe akawasimulia ya mwanawe. Nilimwomba awakataze kuyaigiza.

"Waache, mkamwana wangu," alisema. "Wengine wapate kujifunza."

Wakacheza alasiri, uwanjani mbele ya nyumba yetu. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango. Walisimamisha dungu. Wanawake wawili wakatikisa kitambaa cha buluu, ndio mto. Kijana mmoja akapanda juu. Kitambaa kikaanza kupanda.

"Shuka, we bwege!" watu walipiga kelele.

"Mwacheni, anangoja meli!"

"Mamba keshanawa mikono huyo!"

Kijana akajipiga kifua. "Mimi mwana wa Rufiji! Maji gani ya kunitoa mimi?"

Wakacheka. Mama mkwe, aliyekaa mbele, alifuta machozi.

Mume wangu hakusema hivyo. Alikuwa ameshavuka, tumesimama naye pakavu. Alisema, "Maji mengi, mke wangu." Nikamjibu, "Na mbegu zilizo dunguni je? Tutapanda nini?" Akanitazama kidogo, akarudi.

Nikafungua mlango, nikatoka nje.

"Hakuwa mbishi. Mimi ndiye niliyemrudisha, akachukue mbegu."

Kitambaa kikashuka. Kijana alibaki juu, hajui ashuke au aanguke.

Mama mkwe akainuka, akajifunga kanga yake vizuri. Akanipita, akaingia ndani. Nikasikia komeo la mlango likifungwa.