Mashine Mpya na Usukani wa Adinani

Mume wangu Adinani ana mguu mmoja na usukani mmoja, na sijui kati ya hivyo viwili kipi kimenisumbua zaidi. Mguu nilishauzoea. Usukani ndio ulionifanya mwaka huu nigombane na mwanangu, na fundi, nusura na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mwishowe na nafsi yangu mwenyewe.

Nianze na mtu mwenyewe. Adinani amezaliwa hapa hapa Tabora, na kazi ya magari aliianza akiwa utingo. Baadaye akashika lori mwenyewe, miaka ishirini na sita, akibeba tumbaku. Kaliua, Urambo, Usoke, kote huko alipakia marobota akayaleta mjini, masika na kiangazi, kwenye njia ambayo wakati wa mvua ilikuwa tope tupu. Hakuwahi kupindua gari. Hayo anayasema yeye, na ingawa maneno yake mengi huwa nayapunguza nusu, hilo nalikubali lote.

Miaka mitano iliyopita alichomwa na msumari kisiginoni, akasema si kitu. Daktari alikuwa ameshamwambia ana kisukari, nacho akasema si kitu. Mguu wa kulia ukakatwa chini kidogo ya goti. Aliporudi kutoka hospitali alijilaza akageukia ukuta, na alikaa hivyo miezi minane. Hanyoi ndevu, haongei, uji unapoa. Ukimwambia njoo barazani watu wamekuja kukujulia hali, anasema waambie nimelala. Siku zile nikiamka asubuhi namgusa kwanza kujua kama anapumua. Hofu hiyo simtakii mwanamke yeyote.

Aliyemgeuza ni Issa, mwanetu wa kwanza, anayefanya kazi Mwanza. Alikuja na mashine ya gemu iliyotumika na usukani wa kuchezea wenye pedali zake chini, vyote vya zamani. Nilimgombeza. Baba yako mtu mzima, mgonjwa, unamletea midoli? Lakini Adinani aliugusa ule usukani, akauzungusha, akauliza, "Gia yake iko wapi?" Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya miezi.

Pedali zilimshinda. Tukamwita Mabruki, fundi wa simu na redio pale sokoni, akaufungua usukani na kuutoa matumbo yote mezani kwangu, akahamisha pedali ya mafuta kutoka mguuni kwenda mkononi: mpini wa breki ya baiskeli, umefungwa upande wa kulia chini ya usukani. Breki ikabaki kwa mguu wa kushoto. Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, mume wangu anavaa shati lenye kola, anakaa kitini, anaendesha. Anaiga mlio wa gia kwa mdomo. Anawatukana madereva wa kwenye televisheni mpaka namwomba apunguze sauti, nina wageni. Ndevu alinyoa mwenyewe bila kuambiwa. Kwa hiyo mtu akiniambia ule ni mchezo tu, namtazama simjibu.

Mwaka huu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaiua ile mashine. Mabruki aliipima akatikisa kichwa. Issa akaja likizo na mashine mpya, nyeupe, inang'aa.

"Zile za zamani hazipatikani tena, mama. Hii ndiyo ya sasa."

Nikamwuliza swali moja tu. "Usukani wa baba yako utaingia?"

Akachukua waya wa usukani akauchomeka kwenye mashine. Ukaingia bila taabu, na taa nyekundu ya usukani ikawaka. "Umeona?" akasema. Sote tukasema alhamdulillahi, na yeye akauweka mchezo tayari kwa rimoti ya mashine, akaiacha mezani, akawahi basi lake la Mwanza. Kesho yake alasiri Adinani alivaa shati, akakaa, akavuta mpini. Magari yote ya kwenye televisheni yakaondoka, la kwake likabaki limesimama. Akavuta tena. Akavuta mpaka waya wa breki ukalia. Kisha akavua shati akarudi kulala, na mimi nikampigia Issa simu nikasema maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mwanawe.

Mabruki alipofika nilimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama Issa."

"Marahaba. Usukani umekufa?"

"Mzima kabisa, mama. Umeme unapata, ndiyo maana taa inawaka. Lakini hii mashine mpya inakiuliza kila kifaa kinachochomekwa, wewe ni nani? Na usukani huu ulitengenezwa kabla ya swali hilo kuwepo. Hauna la kujibu, basi unaachwa mlangoni."

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Usukani mzima, mashine nzima, waya mzima, na hakuna kinachofanya kazi. Kingekuwepo kibovu ningejua wa kumlaumu. Issa akasema kwa simu, basi nitanunua usukani mwingine, wa sasa. Lakini usukani wa sasa una pedali za watu wenye miguu miwili, na Mabruki aliapa hathubutu kuufungua mpya: akikosea kidogo tumeua na huo. Adinani mwenyewe alisema neno moja kutoka chumbani, "Msihangaike." Nikaenda kumtazama. Alikuwa amegeukia ukuta.

Msihangaike! Miezi minane nilikuwa nimeihesabu siku kwa siku, na sasa naiona inaanza upya kwa sababu ya plastiki isiyojua jina lake.

Mabruki akasikia habari za kidude fulani, ukikichomeka kati ya usukani na mashine kinaiambia mashine kwamba huyu ni mwenzetu, mruhusu. Tukakiagiza Dar es Salaam. Wiki mbili nzima. Ndani ya wiki hizo Adinani aliacha kula mchana, kisha akaacha kuvaa mguu wake wa bandia, na ndevu zikaanza kutoka nyeupe. Kila basi la Dar likiingia nilikwenda stendi kuuliza kifurushi, mpaka wapakiaji wakawa wananiona tu wanatikisa kichwa kutoka mbali.

Kidude kikaja, kidogo hata pindo la khanga hakikujaza, na usukani bado haukufanya kazi. Nilitaka kukitupa barabarani. Mabruki akakaa anasoma karatasi yake, akipiga picha maneno kwa simu yake na kuyatafsiri moja moja.

"Kumbe kinataka mdhamini," akasema.

"Mdhamini wa nini?"

"Ile rimoti iliyokuja na mashine, ya kuchezea kwa mikono miwili. Lazima ichomekwe hapa kwenye kidude. Mashine ikiuliza huyu nani, rimoti inajibu kwa niaba ya usukani."

Nilicheka kwa hasira. Nimekwenda ofisi ya mtendaji mara ngapi nikaambiwa nirudi na barua ya balozi wa nyumba kumi ya kunidhamini? Sikujua kama na vitu vya televisheni vimeanza. Tukaazima rimoti kwenye kibanda cha gemu cha mtaa wa pili. Ya kuiga, ikakataliwa. Ya pili, nayo ya kuiga. Nyingine tungeiagiza Dar, wiki mbili tena, na nani angeniapia kuwa ni halisi? Sikuwa na wiki mbili.

"Ya kwenu iko wapi, mama?" akauliza Mabruki. "Ile ya kwenye boksi?"

Niliketi chini. Apolinaria, jirani yangu, mwenyeji wa Usoke, alikuwa ameniletea bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, imepikwa na karanga. Bakuli la mtu mimi sirudishi tupu. Mama yangu hakurudisha tupu, na bibi yangu hakurudisha. Asubuhi ile Issa alipoondoka, ndani hamkuwa na ndimu wala yai. Nikaiona rimoti imelala mezani, mpya, nzuri. Taa ya usukani si imewaka? Rimoti ya nini tena, na Apolinaria ana wajukuu? Nikaitia bakulini, nikaifunika kitambaa safi, nikaipeleka.

Nilimweleza Mabruki hivyo hivyo. Akaikunja karatasi ya kidude polepole, akaitia mfukoni. Wiki tatu nimemgombeza kila mtu, kumbe aliyemfungia mume wangu njia ni mimi.

Kuomba zawadi irudi ni aibu, lakini nilikwenda. Apolinaria alikuwa anapepeta mchele.

"Kile kitu, mama Issa? Jamani! Kaka yangu Kornel alinitumia ndoo ya asali kutoka Usoke. Sasa ndoo ya watu ningeirudishaje tupu?"

Ningemwambia nini? Nilitamani sana kukasirika, na hapakuwa na mahali pa kuanzia.

"Nimpigie Kornel aitume na basi?" akasema kwa huruma.

"Hapana. Nitakwenda mwenyewe." Jambo la kunyang'anya zawadi kwa mtu asiyenijua halisemwi kwenye simu, linataka uso.

Nikapanda basi la asubuhi na kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Kornel na mkewe Leonia walinipokea kama ndugu, ndipo nikazidi kuona haya. Rimoti ilikuwa juu ya kabati, chini ya picha ya Bikira Maria, imefutwa vumbi. "Hatukujua ni ya kazi gani," alisema Leonia, "lakini tuliona ni kitu cha heshima." Nilieleza kisa changu chote nimetazama sakafu. Kornel alicheka mpaka akashika mbavu, akaniletea rimoti kwa mikono miwili. Nikarudi nayo, pamoja na kikapu cha karanga. Yaani nina chombo kingine cha watu cha kurudisha.

Nilifika nyumbani alasiri imeshasaliwa. Mabruki alikuwa ananisubiri. Rimoti ikaingia kwenye kidude, usukani ukaingia kwenye kidude, kidude kikaingia kwenye mashine. Mimi nikaingia chumbani.

"Baba Issa, amka."

Akausogelea ukuta zaidi.

"Amka nakwambia! Nimekwenda Usoke na kurudi leo kwa ajili yako, na miguu imevimba. Amka, au mimi nalala hapo na wewe uende kupika!"

Akageuka polepole. "Umekwenda Usoke?"

"Ndiyo, Usoke. Kaa kitini."

Alikuja na magongo, na fulana tu. Akashika usukani, akavuta mpini, na gari la kwenye televisheni likaondoka. Mabruki akanong'ona alhamdulillahi, akakusanya bisibisi zake, akaondoka haraka kabla kitu hakijaharibika mbele yake. Mimi nikabaki nimesimama nasubiri shukrani. Nilistahili hata neno moja.

"Njia ikoje?" akauliza Adinani.

"Njia gani?"

"Ya Usoke."

"Lami."

"Yote?"

"Yote."

Alipoacha kazi kipande kile kilikuwa bado vumbi na mashimo, nilikuwa nimesahau.

"Na lile bonde baada ya Ndono, magari yalipokuwa yanazama?"

"Bonde sikuliona mimi, nilikuwa nawaza yangu. Nimepita tu."

"Hupiti tu njia nzima, Hafsa." Akaunyoosha usukani. "Anzia stendi. Nieleze."

Nilikuwa na njaa, nilikuwa na hasira za wiki tatu, na mtu niliyemhangaikia mashine hii hata haitazami vizuri. Lakini nilivuta kigoda nikakaa kushotoni kwake, anapokaa utingo. Nikaanzia stendi. Nikamwambia tunatoka mjini, kulia, halafu moja kwa moja. Akakata kulia, akaiga mlio wa gia ya tatu, ya nne.

Kwenye televisheni barabara ilikuwa imepinda kushoto. Gari lake liliacha njia, likaingia kwenye majani, likagota kwenye miti likabaki linanguruma, na maandishi mekundu yakaanza kuwaka na kuzimika yakimwambia ageuze. Hakuyaona. Macho yalikuwa palepale, wazi kabisa, na hakuyaona.

"Tumefika darajani?" akauliza.

"Tumefika."

"Jembamba?"

"Pana. Malori mawili yanapishana."

"Mawili!" Akalegeza mpini, akasogea kushoto kidogo kumpisha mtu, akamnyanyulia mkono.

Nikasema mbele kuna kona ya kushoto, ndefu, halafu yanaanza kuonekana mabanda ya tumbaku. Akavuta mpini.