Nilibeba kwa Kichwa, Kifua Kikafunguka

Nawasalimu nyote mnaolala mkiwa mmeketi. Nimechoka, nawaambia kweli, na uchovu wenyewe bado haujatoka mwilini. Lakini niko hai, na mfupa wa kifua changu umeunga. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni Mama Espoir, mkulima wa Kingi, karibu na Masisi. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mwanamke wa kubeba. Sisi wa milimani tunabeba hivi: kikapu mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, mikono iko huru, unaweza hata kumnyonyesha mtoto njiani. Maharage, kuni, mihogo, vyote nilivibeba kwa kichwa changu. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Koko, alipenda kunitania kwamba mwanawe alioa lori.

Kisha pumzi ikaanza kunipungua. Mwanzoni ilikuwa mlimani tu, baadaye hata nikifagia. Miguu ilivimba hadi viatu vikakataa kuingia. Nikilala chali nilihisi kama ninazama, nikawa nalala nimeegemea ukuta. Majirani walisema ni mimba. Ningefurahi kama ingekuwa mimba. Daktari wa hospitali ya Masisi aliusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, akamwita mwenzake naye asikilize, hapo nikajua mambo si mazuri. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa haufungi. Nilipelekwa ng'ambo ya mpaka, wakanipasua mfupa wa kifua katikati kwa msumeno, wakautengeneza moyo, wakafunga mfupa kwa waya. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa usingizini.

Usingizi ule ulikuwa wa mwisho kunoga. Nilirudi nyumbani na amri ya kulala chali, mimi ambaye tangu utoto nalala ubavu, uso ukutani. Mume wangu, Papa Espoir, alinipangia magunia ya maharage kichwani mwa godoro ili niegemee. Mgongo uliwaka, makalio yakafa ganzi, kovu likawasha na kulikuna nilikatazwa. Matiti yenyewe yakawa mzigo, kwa sababu uzito wake ulivuta kovu, basi nikayafunga kwa kitenge. Kila nilipotaka kukohoa nilikumbatia mto kwanza, nikaomba Mungu, ndipo nikakohoa. Choo kilifunga kwa sababu ya dawa, na kusukuma pia nilikatazwa. Papa Espoir aliniosha mgongo kila jioni. Mara nyingine nililia bila sababu, naye alishika kitambaa akingoja nimalize.

Halafu kulikuwa na wageni. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na mimi nashukuru. Lakini walikuja tangu asubuhi hadi jua kuzama, kila mmoja na mashanza yake, yale maziwa ya kugandisha, kila mmoja akitaka kuona kovu na kusikia habari za msumeno. Nikianza kusinzia tu, hodi. Walinichekesha ili nipate nguvu, na kucheka kuliniuma kuliko kukohoa.

Maharage yakaiva, mvua ikawa inatishia kuyaharibu. Papa Espoir alikuwa malishoni na ng'ombe. Nikiwa nimekaa mlangoni nilimwona Koko, na uzee wake wote, akipanda mlima na kikapu, ameinama hata uso wake sikuuona. Aibu ilinishika. Nikaanza kujihoji daktari alikataza nini hasa. Alisema nisiinue kitu kizito kwa mikono. Habari ya kichwa hakuitaja kabisa, na sisi hatubebi kwa mikono. Nikaona nimepata ruhusa.

Niliteremka shambani, nikajaza kikapu kidogo, nikapiga magoti, nikaweka mkanda kwenye paji. Sasa, ili usimame na kikapu mgongoni, lazima uiname mbele na usukume ardhi kwa mikono miwili. Hilo sikulifikiria, kwa sababu nimelifanya maisha yangu yote. Nilipojiinua nikasikia kitu kinalia ndani ya kifua kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Niliketi palepale, maharage yakamwagika.

Nilirudi nyumbani polepole, nikanyamaza. Lakini kila nikivuta pumzi niliuhisi mfupa ukisugua mfupa. Jioni Papa Espoir alipokuja kuniosha, kiganja chake kilipita kifuani, akakiondoa haraka. Alitoka kwenda kuwaita wanaume wa kijiji, na kulipopambazuka wakanibeba kwa kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, hadi hospitali. Koko alitembea kando yangu, ameukumbatia mto wangu.

Daktari alipiga picha ya kifua. Nilimweleza yote, hata ile ruhusa niliyojipa. Akanitazama.

"Mama Espoir, unasema kichwa njo ilibeba," akasema. "Na kifua, uliiacha ku nyumba?"

Waya mmoja ulikuwa umelegea. Alisema kwamba usaha ukiingia, au mfupa ukikataa kuunga, nitarudishwa ng'ambo ya mpaka nikafunguliwe tena. Nikitulia kabisa, huenda ukaunga wenyewe. Mara ya kwanza sikuogopa sana, maana sikujua kinachoningoja. Sasa nilijua.

Koko hakunigombeza. Tulipofika nyumbani aliufungua mkanda kutoka kwenye kikapu, akajifunga nao kiunoni juu ya kitenge chake. Alikwenda nao shambani, alikwenda nao kanisani, alilala nao. Maharage yaliyobaki waliyabeba akina mama wa kanisa. Wageni aliwapokea uani na kuwaambia, "Mashanza iingie, bantu babakie inje." Wengine walinuna, wakapeleka habari kwamba ninajivuna tangu niende ng'ambo.

Nami nikaketi. Sijui niwaelezeje uchovu wa kuketi, maana hakuna anayekupa pole kwa kazi hiyo. Majuma yalipita, nimeegemea magunia, nikisikia majembe ya wenzangu mlimani. Kila asubuhi niliweka kiganja kifuani na kuvuta pumzi, nikipima kama mfupa bado unasugua. Ulisugua. Kesho yake ukasugua tena. Kuna asubuhi nilizokasirika na Mungu, na nilimwambia hivyo. Kisha asubuhi moja niliutafuta ule msuguano sikuupata. Sikumwambia mtu, niliogopa kwamba nimekosea.

Nilipopelekwa tena hospitali, daktari aliweka vidole juu ya kovu, akaniambia nikohoe. Nikakohoa bila mto. Akaniambia nirudie.

"Imeunga," akasema. "Sasa unaweza lala vile unapenda."

Namshukuru Mungu, nawashukuru walionipasua na walionibeba, na mume wangu ambaye hajawahi kuniambia "si ulikatazwa". Nawe uliyepasuliwa kifua, usiwe mwanasheria wa mwili wako kama mimi. Muulize daktari kazi zako kwa majina yake: kubeba kwa mkanda, kukamua, kutwanga sombe, yale majani ya mihogo. Yeye hajui unavyobeba mpaka umwonyeshe. Na ninyi mnaotembelea wagonjwa, acheni mashanza mlangoni mwende. Usingizi nao ni dawa.

Mchana ule tuliporudi niliyaondoa magunia. Nikalala ubavu wa kushoto, uso ukutani, nikalala kweli, na mate yakanitoka kama mtoto. Nilipofungua macho jua lilikuwa linashuka. Koko alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, mkanda bado uko kiunoni. Nikamuuliza mbona hajaufungua, na daktari amesema mfupa umeunga.

"Dokta alisema juu ya mufupa," akanijibu bila kugeuka. "Juu yako weye hakusema kitu. Miye njo nakujua."

Nikageukia ubavu wa pili, nikalala tena.