Maji ya Mabibo ya Jana

Mimi si mtu wa keki. Nimekulia mihogo na kunde, mkono wangu umezoea mwiko. Lakini mjukuu wangu wa kike anaoka, na keki yake ya mabibo imenitia kiburi mpaka kanga hainikai kichwani. Watu huku wakishachukua korosho, mabibo wanayaacha yaoze chini ya mikorosho. Yeye anayalowesha kwenye maji ya chumvi yasikakase ulimi, anayakatakata, anayachanganya na unga, mayai na sukari, kisha anaoka ndani ya sufuria yenye mchanga, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Keki ikipoa anaimwagia urojo wa sukari laini, ndimu na maji ya mabibo. Urojo huo haupikwi. Ukiulamba, jicho moja linafumba lenyewe.

Siku waliyokuja kumposa, nilijitia kusaidia.

"Bibi, nikamulie mabibo ya leo hii hii," aliniambia.

"Mke mwenza, unanifundisha mabibo mimi?" nikamtania.

Sasa, uani kulikuwa na chupa niliyoikamua jana yake nikaisahau. Niliona hasara kumwaga, na vidole vyenyewe vinaniuma. Nikammiminia hiyo. Akachanganya, akamwagia keki, ikang'aa kama imepakwa mafuta.

Wageni wameshaketi, keki imeshapelekwa, ndipo nikalamba kijiko. Pua ikanipanda. Uraka! Joto letu halina subira: maji ya mabibo yakilala, yanaamka pombe. Ninalijua hilo tangu sijaota meno, na ni mimi niliyemtangaza jirani yangu mtaa mzima kwa kuuza uraka.

Nikakimbilia barazani. Mshenga, mzee wa swala tano, ameshashika kipande, bismillahi iko mdomoni.

"Baba, weka chini! Haijaiva hiyo. Katikati mbichi."

Ndivyo ulimi wangu ulivyochagua. Kusema "nimewaletea pombe" kulinishinda. Kumtupia mtoto lawama kulikuwa karibu zaidi.

Shangazi wa bwana harusi akarudisha sahani. "Ndio mabinti wa leo, shoga yangu. Simu wanaijua, jiko hawalijui. Mwanetu atakwenda kula nini?"

Mjukuu wangu alikuwa ameichoma keki ile kwa kijiti mbele ya macho yangu, kikatoka kikavu. Alinitazama mara moja, akainamisha uso, akaanza kukusanya sahani. Kwetu mtoto hambishii bibi yake mbele ya wageni. Angenibishia ningepona.

Wakanywa chai kavu. Mahari haikutajwa. Mzee akasema, "Basi tutakwenda kuzungumza." Maneno hayo nayajua, asemaye hivyo harudi.

Walikuwa wanavaa viatu mlangoni nilipowafuata.

"Ngojeni, baba. Keki imeiva, tena imeiva vizuri. Aliyeharibu ni mimi. Aliniambia nikamue mabibo ya leo, nikamtilia maji ya jana. Yamegeuka uraka. Halafu nikamsingizia."

Kisha shangazi akajipiga paja. "Yallah! Kumbe mpika uraka mwenyewe tunaye humu humu!"

Mzee hakucheka. Akamgeukia mjukuu wangu. "Binti, ulijua keki yako imeiva?"

"Nilijua, babu."

"Na ukanyamaza."

"Ni bibi yangu."

Mzee akavua viatu tena, akarudi kwenye mkeka. "Haya, tuendelee. Mahari."

Posa ikapita. Keki niliwatupia kuku, wakashinda mchana kutwa wanagongana na ukuta, na mtaa mzima ukapata cha kunicheka. Jirani yangu alicheka kuliko wote, na nilimwachia. Ni haki yake.

Kicheko hakiniumizi. Kinachoniuma ni kwamba mtoto yule hajanisemesha neno baya hata moja. Juzi alikuja kuoka tena, mabibo yamejaa kwenye ungo, mekundu na ya njano. Nikanyoosha mkono nichukue moja nikamue. Akausogeza ungo upande wake, taratibu, kwa adabu zake zote.

"Pumzika tu, bibi," akasema.

Nikapumzika.