Bobine ya Kwanza Ikawa ya Mwisho

Siku yangu ya kwanza ya kazi, mkubwa wa sinema ya wafanyakazi wa reli hapa Kamina alinipa ufunguo na onyo moja: "Bobine iko tatu. Moja, mbili, tatu. Ukichanganya, weye na miye tumeachana." Bobine ni lile gurudumu la kuzungushia filimu. Nilikuwa kijana, nikajiona nimeshika dunia kwa mikono miwili.

Tulionyesha Jumamosi mchana, mablanketi yakiziba madirisha. Mashine inanguruma, mwanga unapita katikati ya vumbi, nami na mikro, kile kipaza sauti, naeleza kwa Kiswahili, maana filimu zilisema Kifaransa cha mbio. Loo, utamu wake! Hata leo nikisinzia kwenye kiti naisikia.

Filimu moja ilikuwa ya wachunga ng'ombe wa Amerika. Bobine ya kwanza: wageni wanafika na magari ya farasi, chifu mwenye nchi anawapa maji, wanakula pamoja. Ya pili: wageni wanazungushia kisima waya, chifu anapigwa risasi. Ya tatu: reli inapita palipokuwa kijiji chake.

Chaki ilikuwa imeisha, basi namba za mikebe ya bobine niliziandika kwa pemba, udongo mweupe wenye wazee wetu wanapaka muntu kwa kumubariki. Filimu ikatumwa Bukama, ikarudi katika wagoni moja na vikapu vya samaki. Maji ya samaki yakafuta namba zote. Nikabahatisha. Ikaenda mbili, tatu, kisha moja!

Chifu tuliyemwona amekufa akatokea anacheka, anamimina maji. Mama Ngoie, mjane wa dereva wa treni, hakuwa amecheka tangu mazishi. Akasimama: "Aksanti Mungu! Mufu amerudi!" Sala nzima, ukumbi wote, ikapiga makofi. Akanifuata mlangoni: "Baba Ilunga, Jumamosi utamurudisha tena, hapana?"

Mkubwa alinitolea macho. "Unaharibu filimu ya bantu bengine! Jumamosi, moja, mbili, tatu. Ama uniachie ufunguo."

Jumamosi nilifuata amri. Chifu akaanguka. Mama Ngoie akajifunika kitambaa usoni, anangoja. Bobine ya tatu ikaisha, watu hawakuinuka. Wananitazama, mkubwa naye ananitazama. Kazi niliipenda, jamani, lakini roho ilikataa. Nikaizungusha ya kwanza kwa mkono hadi mwanzo wake, polepole, nikaitia tena mashineni. Nikasema kwa mikro: "Bageni banafika. Chifu iko muzima."

Ufunguo niliutoa bila kuulizwa. Wakubwa wa reli wakanipeleka Luena kupima makaa ya mawe, hadi pansheni. Mashine sikuigusa tena, na iliniuma, sidanganyi.

Nimerudi Kamina sasa, mzee. Juzi sokoni nilimsikia bibi mmoja akiwasimulia wajukuu filimu ile: wageni walimuua chifu, "halafu akaamuka, akabapa maji, bote bakakula."

Nikamuuliza kama haikuwa na mwisho mwingine.

Akanicheka. "Weye unajua nini, tata? Haukukuwa mule."

Kweli hakuniona. Nilikuwa nyuma, kwenye mashine.