Wakasema Ni Meno

Mtoto akipata joto hapa Longonot, hakuna anayeuliza ana nini. Jibu liko tayari kabla hajavuliwa shati: ni meno. Anahara? Ni meno. Anatapika? Meno. Amekataa kunyonya? Ni meno hayo, ngoja tu. Nimelea watoto wanne, na sijaona kitu kinachosingiziwa kama jino ambalo hata halijatoka.

Mjukuu wangu alikuwa na miezi saba. Mama yake, ambaye ni binti yangu, hufanya kazi kwenye shamba la maua. Hutoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo mchana kutwa mtoto alikuwa mgongoni kwangu, na mgongo wangu ndio uliojua kwanza. Joto lilikuja, likaenda, likarudi. Kila akikojoa alijikunja na kulia kilio kifupi, kikali, kisha akanyamaza na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemchoma.

Nikampeleka kliniki ya mtaani. Kijana aliyekuwa zamu akamtoboa kidole, akapima, akasema hana malaria.

"Huyu anaota meno, mathe. Mpatie hii ya joto."

Joto liliporudi, nami nikarudi. Kijana yuleyule, chupa ileile. Safari hii nikamwambia mtoto analia akikojoa.

"Watoto hulia, mathe," akasema, huku akimwita mgonjwa anayefuata.

Nikarudi nyumbani na hasira. Mtu amesoma, amevaa koti jeupe, na anachoniambia ni kilekile ninachoambiwa bure na muuza mboga.

Lakini kilichonikera zaidi kilitokea kanisani. Mtoto alikuwa ameanza kupauka, na wanawake wenzangu wakawa wanapokezana kumbeba na kumsifu.

"Aki huyu ametoka brown! Mnampaka nini?"

Binti yangu akatabasamu, akasema labda ni mafuta mapya. Yaani mtoto anaishiwa na damu mbele ya macho ya kanisa zima, na kanisa zima linamwona mrembo. Nikakifungua kiganja chake, nikakiweka kando ya changu. Changu ni cha mwanamke aliyeshika jembe maisha yake yote, lakini kilikuwa na wekundu. Chake kilikuwa cheupe kama unga wa ngano.

"Mnasifu ugonjwa," nikawaambia.

"Shosho, wewe nawe," mmoja akanicheka. "Unatafutia mtoto magonjwa ya nini?"

Jumatatu sikuomba ushauri wa mtu. Nikamwambia binti yangu aombe ruhusa kazini, tukampeleka mtoto hospitali Naivasha. Tukapata daktari msichana, wa rika la binti yangu. Akamvua mtoto nguo zote, akamvuta kope la chini, akamtazama ulimi na viganja. Kisha akauliza, "Ameshapimwa mkojo?"

Nilitaka kumkumbatia, na papo hapo nilitaka kumgombeza mtu. Swali fupi namna hiyo, mbona tulilifuata mpaka Naivasha?

Kumpima mtoto mchanga mkojo si mchezo, kwa sababu humwambii akojoe. Nilikuwa tayari kukamua pampers, daktari akanizuia.

"Hapana, mathe. Hiyo iko na uchafu, majibu itatudanganya."

Tukamwosha vizuri kwa maji safi, nikampakata miguu ikining'inia, binti yangu akashika kikombe. Mimi nikawa nampanguza chini ya kitovu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, polepole, watu wa benchi zima wakitutolea macho. Waache watazame. Mwishowe mkojo ukaruka, nusu kikombeni, nusu kwenye sketi yangu, na sijawahi kufurahia kulowa kama siku ile.

Njia ya mkojo ilikuwa na maambukizi, na damu ilikuwa chini sana. Daktari akasema maambukizi hayo yakiachwa hupanda hadi kwenye figo, na figo ikiharibika utotoni mtu huishi nayo hivyo hadi uzeeni. Mtoto akalazwa, akachomwa sindano, kisha tukapewa dawa ya kumeza na onyo kwamba tusiikatize hata akianza kucheka. Dawa ya kuongeza damu ingefuata baadaye, maambukizi yakiisha. Tukaambiwa tumpe maini yaliyopondwa, ndengu na mboga ya managu, na chai tuache kabisa, kwa kuwa inazuia mwili kupata madini ya kuongeza damu yaliyo kwenye chakula. Hapo mimi na binti yangu tukatazamana. Huku kwetu mtoto huanza chai ya maziwa na mkate kabla hajajua kukaa.

Akapona. Joto likaisha, akawa anakojoa bila kilio. Na wiki hiyohiyo, bila haya, jino likachomoza.

Ungeona furaha ya wale wanawake pale kanisani. "Si tulikuambia ni meno?" Nikawaeleza habari ya mkojo, ya figo, ya damu. Wakaitikia kwa vichwa, wakiningoja nimalize, kisha wakamfungua mtoto mdomo ili wengine waone.

Hilo ningelimeza. Lakini baada ya muda nikasikia mtoto wa jirani yangu, tunayepanga naye ploti moja, akilia mchana kutwa, nikaingia kumwona. Alikuwa anachemka. Chupa ya dawa ya joto ilikuwa mezani, imebaki kidogo. Nikamuuliza mama yake kama wameenda hospitali.

"Ya nini, shosho? Wako si alipona tu jino ikitoka? Na sisi tunangoja yake."

Mtoto huyo alikuwa na miezi mitatu. Nikamfunga mgongoni kwangu, nikamwambia mama yake avae viatu.